Goti liliongea wimbo wa tatu, nikasikia wimbo wa tisa

Jumamosi, saa moja asubuhi, Umoja. Kwenye uwanja wa kuegesha magari kuna spika mbili zenye ukubwa wa friji, kocha aliyevaa maikrofoni ya kichwani, na watu kama arobaini hivi tuliojipanga mistari tukiwa na raba, leginzi na tisheti za kampeni za uchaguzi uliopita. Kiingilio ni soo moja. Kama umewahi kuamkia aerobiki za mtaa, unajua ninachosema: besi inakugonga kifuani kabla hujafika getini, mtu anakaanga mandazi pembeni kana kwamba anatujaribu, na watoto wako kwenye balkoni wanatuiga huku wanacheka.

Wimbo wa tatu, goti langu la kulia liliongea. Kila nilipotua baada ya kuruka, kitu kama sindano kilinidunga upande wa ndani. Haukuwa uchovu. Nilikisikia vizuri kabisa. Lakini mbele yangu kulikuwa na jamaa wa singleti nyekundu anayeruka kama mtu aliyemeza springi, na mimi nilikuwa nimeshaamua, bila yeye kujua, kwamba tuko kwenye mashindano. Kocha naye alikuwa anapiga kelele, “Hakuna kulala! Ukisimama umeshindwa!” Sikutaka kushindwa. Nikaendelea kuruka.

Jumapili goti lilikuwa limevimba kama embe. Naishi orofa ya nne na jengo letu halina lifti. Wiki hiyo nilikuwa na kazi ya kurekodi video ya harusi, kazi ambayo ingelipa kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Ikabidi nimwachie msee mwingine, maana hakuna bibi harusi atakayekungoja uteremke ngazi kwa makalio.

Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyeniona alilibonyeza goti, akalikunja, akalinyoosha, kisha akauliza:

“Ulisikia maumivu mara ya kwanza lini?”

“Wimbo wa tatu.”

“Na uliacha lini?”

“Wimbo wa tisa.”

Akaweka kalamu chini. “Sasa hizo nyimbo sita, ulikuwa wapi?”

Manze, sikuwa na jibu. Nilikuwa pale pale uwanjani, natoa jasho, napiga makofi. Lakini kwa goti langu sikuwepo. Nilikuwa kwenye singleti ya mtu mwingine.

Nakuandikia wewe unayefanya mazoezi na wengine: aerobiki za mtaa, Zumba, jimu, mbio za Jumapili, kupanda Ngong Hills na marafiki, ngazi za uwanja na timu yako. Sitakwambia uache. Nataka nikuonyeshe namna ya kubaki kwenye kundi bila kuuacha mwili wako nyumbani.

Kundi linakupa nguvu usiyokuwa nayo

Tuanze na ukweli: kundi lina faida kubwa. Wengi wetu bila kundi tusingetoka kitandani. Ukiwa msichana unayetaka kukimbia saa kumi na moja alfajiri katika jiji hili, kundi ndilo usalama wako. Na ukiwa mtu ambaye kazi yake ni kukaa mbele ya laptopu peke yake siku tano, zile salamu za Jumamosi ni dawa nyingine.

Halafu kuna hili la kukazana zaidi ukiwa na watu. Limejulikana kitambo. Mwaka 1898 Norman Triplett, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha utafiti baada ya kutazama rekodi za waendesha baiskeli. Aligundua kwamba waendeshaji walikuwa na kasi zaidi walipokuwa na wenzao kuliko walipokimbizana na saa peke yao. Akawapa watoto kazi ya kuzungusha mashine ya kuvulia samaki, na baadhi yao wakaizungusha haraka zaidi walipokuwa wawili wawili. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mimi na jamaa wa singleti tulikuwa tunarudia jaribio lile lile Umoja, tena bila malipo.

Muziki nao unaongeza. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, ametumia miaka mingi kuchunguza muziki na mazoezi. Watafiti wa fani hiyo wanakubaliana kwamba muziki hufanya kazi ya kiasi ionekane nyepesi kuliko ilivyo. Ndiyo maana kocha hakosi spika. Wimbo mtamu unakutoa kwenye uchovu wako.

Lakini hebu fikiria. Kitu kinachokuzuia usisikie uchovu kinaweza pia kukuzuia usisikie goti. Ongeza kocha anayehesabu, jirani anayeruka juu kuliko wewe, na mtu anayerekodi klipu ya TikTok kutoka mbele. Hapo habari za mwili wako zinakuwa kama simu inayolia ndani ya nganya yenye muziki wa mwisho. Inalia kweli, ila wewe utaona “missed call” ukishashuka.

Hakuna anayekwambia ukae mlimani ukunje miguu

Kuna neno linalozunguka sana siku hizi kwenye video za afya: uzingativu. Maana yake ni kuweka akili yako mahali ulipo, wakati huu, kwa makusudi, na kukiona kilichopo bila kujihukumu. Basi. Unagundua pumzi imepanda, unasema, “Sawa, imepanda.” Huanzi kujitukana kwamba huna stamina.

Aliyeupeleka uzingativu hospitalini ni Jon Kabat-Zinn. Mwaka 1979 alianzisha mafunzo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambayo dawa pekee hazikuwa zimeyamaliza. Mafunzo hayo huchukua wiki nane, na zoezi mojawapo kubwa ni kuupitia mwili kwa akili, kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, ukiuliza kila sehemu: hapa kuna nini?

Najua kuna msomaji ameshaanza kushuku. Mamangu alipoona nimefumba macho sebuleni aliniuliza kama nimejiunga na dini mpya. Ni kweli Kabat-Zinn aliuchota mtindo huu kutoka mafundisho ya Kibuddha, lakini hospitalini aliufundisha kama mbinu ya afya, bila ibada. Isitoshe, wazo lenyewe si geni kwetu. Rafiki yangu Mwislamu alicheka nilipomweleza. Akasema kwao mtu huhimizwa kuswali kwa khushuu, yaani moyo uwe pale pale ulipo mwili. “Wewe unataka tu goti nalo liwe na khushuu,” akaniambia. Sikuweza kulisema vizuri zaidi.

Jaribu kitu kidogo sasa hivi. Kama uko kwenye matatu, ngoja ushuke. Simama karibu na ukuta. Inua mguu mmoja, kisha fumba macho. Unasikia kifundo cha mguu kinavyohangaika? Kinasogea kulia, kushoto, vidole vinakamata sakafu. Hukukiamuru. Mwili una njia zake za kujua kila kiungo kiko wapi, na ulikuwa unafanya kazi hiyo siku zote ukiwa umefungua macho, ila ulikuwa unatazama kwingine. Hiyo ndiyo habari ninayotaka uanze kuisikiliza ukiwa katikati ya kelele.

Wakali hawajisahau

Mimi nilidhani wanaoshinda ni wale wanaosahau mwili. Kumbe kinyume chake. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, William Morgan na Michael Pollock, walichapisha walichokipata walipowahoji wakimbiaji wa mbio ndefu. Wakimbiaji wa kawaida walisema wanajisahaulisha: wanaimba kichwani, wanafikiria kazi, wanajenga nyumba za ndoto. Wale wa kiwango cha juu kabisa walisema wanaufuatilia mwili: pumzi ikoje, miguu ikoje, mabega yamekaza au yamelegea. Kisha wanapanga kasi kwa habari hizo.

Sasa kumbuka Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1:59:40, akizungukwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumwekea kasi. Hilo nalo ni zoezi la kundi, tena kubwa kuliko yote. Unakumbuka uso wake? Alikuwa anatabasamu. Mwenyewe ameshaeleza kwamba hutabasamu kwa makusudi ili alegee na kuyavuka maumivu. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Noel Brick wa Chuo Kikuu cha Ulster walichapisha jaribio linaloelekea huko huko: wakimbiaji walitumia nguvu kidogo zaidi walipotabasamu kuliko walipokunja uso.

Huko Kaptagat wanakofanyia mazoezi, watu hukimbia kwa kundi karibu kila siku, na siku ya mbio nyepesi huwa nyepesi kweli. Bingwa wa dunia anaanza mdogo mdogo kama mtu anayeenda dukani kununua maziwa. Hana haja ya kumwonyesha mtu yeyote. Mimi na wewe, ambao hakuna anayetujua, ndio tunataka kufa kwenye zoezi la kupasha mwili moto.

Jumamosi ijayo, anza hivi

Nilirudi uwanjani baada ya wiki tano. Haya ndiyo niliyojifunza tangu hapo, mengine kwa mtaalamu wa viungo, mengine kwa kukosea tena na tena.

Fika mapema dakika tano. Kabla spika hazijawashwa, simama tu. Sikia nyayo: uzito uko kisiginoni au vidoleni, kulia au kushoto? Panda polepole: vifundo, magoti, nyonga, mgongo, mabega, taya. Usirekebishe kitu bado. Kisha jiulize: jana nililala saa ngapi, nimekula nini, na ni wapi panapolalamika leo? Ukishajua goti lilikuja likiwa zito tangu nyumbani, hutashangaa likiongea.

Chagua pa kusimama. Hili ni dogo lakini limenisaidia kuliko yote. Mimi siku hizi nasimama pembeni mwa mstari, mbali na kamera na mbali na mtu yeyote ambaye najijua nitashindana naye. Ukiwa jimu yenye kioo, kitumie kuangalia kama goti linaelekea upande wa vidole unapochuchumaa, kisha kiache. Kioo kinakuonyesha unavyoonekana. Hakijui unavyojisikia.

Jipe namba. Mswidi mmoja, Gunnar Borg, ndiye aliyefanya namba hizi zitumike duniani. Alitunga vipimo vya mtu kujipimia mwenyewe anavyojisikia anapofanya kazi, na kimojawapo huanzia 0 hadi 10. Sifuri umekaa, kumi huwezi kuongeza hata hatua. Amua kabla ya kuanza: leo nataka kuwa kwenye ngapi? Mimi nikiwa nimelala saa nne tu, namba yangu ni tano, hata kocha akisimama kichwa chini miguu juu.

Kama hupendi namba, tumia mdomo. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, unafanya kazi ya kiasi. Ukitoa maneno mawili matatu halafu unatafuta hewa, hiyo ni kazi nzito. Ukiweza kuimba kiitikio chote bila shida, mazee, ongeza kidogo. Na kama umetoka Mombasa juzi, usiaibike pumzi ikikukimbia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Ngong Hills kinakaribia mita 2,460. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea hewa ya huku.

Tumia kiitikio. Hii niliitunga mwenyewe kwa sababu nilikuwa nasahau. Kila wimbo unapofika kwenye kiitikio, nafanya ukaguzi wa vitu vitatu. Pumzi: naivuta au nimeibana? Taya na mabega: vimekaza bure? Kutua: mguu unafika chini taratibu au unapiga sakafu kama gunia la viazi? Haichukui hata sekunde tano. Wimbo una viitikio vitatu au vinne, kwa hiyo kwa saa moja nimejikagua mara nyingi tu, na hakuna aliyejua. Ule ule muziki uliokuwa unanisahaulisha sasa ndio unaonikumbusha.

Na akili ikihama, ambayo itahama, irudishe. Utajikuta unafikiria deni la M-Pesa, eksi wako, chapati. Huo si ushindwe. Ile kurudi ndiyo zoezi lenyewe, kama vile kuinua ndiyo zoezi la chuma.

Kuwaka si kuchomwa

Hapa ndipo wengi wetu tunapotea, kwa hiyo tusikimbie.

Kuna kuwaka. Umechuchumaa mara ishirini, mapaja yote mawili yanaungua, pumzi iko juu. Ukisimama sekunde thelathini, moto unashuka. Hii ni misuli inafanya kazi yake. Unaweza kubaki nayo, kupumua nayo, hata kuichungulia: inaanzia wapi, inaisha wapi? Ukiiangalia hivyo badala ya kuikimbia, mara nyingi utaona ina ukubwa wake na haizidi hapo.

Kuna kuumwa kwa kesho na keshokutwa. Misuli iliyozoea kulala ikiamshwa ghafla, huuma zaidi kati ya saa 24 na 72 baadaye. Unashuka ngazi kama roboti. Ni kawaida, na hupungua yenyewe kadiri unavyozoea.

Halafu kuna sindano. Maumivu makali, ya ghafla, mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, hasa kwenye kiungo au upande mmoja tu wa mwili. Yanarudi kila ukifanya mwendo ule ule. Yanakufanya uchechemee ili kuyakwepa. Hapa hakuna cha kuvumilia. Badilisha mwendo papo hapo. Yakiendelea, toka nje ya mstari. Yakibaki siku kadhaa au kiungo kikivimba, muone mtaalamu. Mimi nilikuwa na sindano na nikaichukulia kama kuwaka, na hiyo ndiyo hesabu iliyonigharimu harusi.

Mambo mengine hayangoji hata wimbo uishe. Maumivu au mbano kifuani, kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida, kizunguzungu kama unataka kuzirai, moyo unaodunda ovyo: simama, mwambie mtu, tafuta msaada wa haraka. Na hili wengi hawalijui. Ukishiriki zile chalenji za kuchuchumaa mara mia kadhaa kwa mkupuo, kisha siku moja mbili baadaye misuli ivimbe na mkojo uwe na rangi kama ya koka, usinywe maji tu ukalala. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli ikiumia kupita kiasi huvunjika na kumwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuharibu figo. Vijana wenye afya zao wamelazwa kwa sababu ya dau la marafiki.

Shosho wa mstari wa nyuma

Siku niliyorudi nilijificha mstari wa nyuma kabisa. Pembeni yangu alikuwa mama mmoja mtu mzima tunayemwita Shosho, na yeye mwenyewe anapenda kuitwa hivyo. Sisi tukiruka, Shosho anatembea papo hapo. Tukilala chini kupiga pushapu, yeye anazipigia ukutani. Zamani nilikuwa namwonea huruma. Siku hiyo nilianza kumtazama vizuri nikaona hakosi hata mdundo mmoja, na hajawahi kuondoka kabla ya mwisho.

Wakati wa kunywa maji nikamwamkia. “Shikamoo Shosho.”

“Marahaba, kijana wangu. Goti limepoa?”

Kumbe alikuwa ameona. Nikamweleza naogopa kuruka, na naogopa pia wasee kunicheka nikitembea.

Akanijibu huku anafuta jasho kwa leso: “Huyo mwalimu anahesabu nane za watu wote. Za goti lako hazijui. Hizo uhesabu wewe.” Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba wasichana aliowakuta hapa wakiruka juu kuliko wote wameshaacha, karibu wote. Yeye bado yupo.

Kutembea badala ya kuruka, kuchuchumaa nusu, kushika ukuta: hayo si mazoezi ya walioshindwa. Mapigo ya moyo yanapanda vile vile ukikaza mikono na kuinua magoti. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kiasi kwa wiki. Hakuna mahali lilipoandika kwamba lazima miguu yote iwe hewani. Hizo dakika zinapatikana na mtu anayerudi wiki baada ya wiki. Anayejivunja Jumamosi moja kisha akakaa mwezi hazipati.

“Lakini mwili wangu huniambia nilale”

Najua. Hata wangu. Kusikiliza mwili si kuutii kila unapolalamika. Saa kumi na mbili asubuhi ya Julai, na baridi ya Nairobi, mwili wa nani utasema twende? Kwa hiyo nina sheria: naupa dakika kumi za kujipasha moto. Ulegevu wa kawaida huisha humo. Kama baada ya dakika kumi bado niko mzito, kichwa kinauma, au panapolalamika panazidi kulalamika, hiyo ni habari ya kweli. Nafanya nusu au narudi nyumbani, na sijieleze kwa mtu.

Kuna wengine ambao kuusikiliza mwili kunawaogopesha. Mapigo ya moyo yakipanda, akili inadhani ni hatari, na hofu inapandisha mapigo zaidi. Kama ni wewe, usilazimishe kuchungulia kifua. Peleka akili nje: nyayo zinavyogusa chini, upepo kwenye shingo, rangi ya ukuta wa mbele. Hapo pia uko pale ulipo. Na kama hofu hiyo inakufuata hadi nje ya uwanja, zungumza na mshauri au daktari. Wala hujawa mwendawazimu.

Neno moja kwa makocha, kwa sababu najua mnasoma. Tunawapenda, na bila nyinyi tungekuwa kitandani. Ila mkionyesha zoezi, anzeni na lile la chini, kisha mseme anayetaka aruke. Mkianza na la juu halafu mkaita lingine “la wasioweza,” nani atalichagua mbele ya watu arobaini?

Jumamosi iliyopita

Wimbo wa sita goti likaniguna kidogo. Lilikuwa mbali na kuwa sindano, ni ile hali ya kugonga mlango. Kiitikio kilikuwa kimefika, nikajikagua, nikaona natua vibaya kwa sababu nimechoka. Kocha akapaza sauti, “Ya mwisho! Juu zaidi!” Mimi nikashuka, nikaanza kutembea papo hapo, mikono juu, namfuata Shosho mdundo kwa mdundo. Sitakudanganya, masikio yaliniwaka. Nilijua kuna mtu ananitazama.

Kweli kulikuwa na mtu. Jamaa wa singleti nyekundu, siku hiyo yuko mstari mmoja nami, aligeuza shingo akaniangalia. Nikangoja acheke. Nane mbili zikapita. Kisha naye akashuka, akaanza kutembea.

Tulipokuwa tunanyoosha viungo mwishoni akanisogelea. “Bro, hata mimi langu linanisumbua tangu Desemba,” akasema. “Nilikuwa naona aibu kuanza.”

Tangu Desemba! Miezi yote hiyo nilikuwa nashindana na mtu anayeumwa goti kama langu, naye labda alikuwa anashindana na mwingine wa mbele yake. Kundi zima linaruka kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutembea.

Basi Jumamosi hii, popote utakapokuwa, kiitikio kikifika jikague. Na kama ni wewe unayepaswa kushuka kwanza, shuka. Kuna mtu nyuma yako anakungoja.